Funguo Mbili za Kabati la Mwakio

Kila nikisema nilikuwa nauza bunduki London, watu wa kwetu huniangalia upya, kuanzia mtandio hadi viatu. Mwanamke wa Majengo, Mombasa, mwenye wajukuu, anayefunga Ramadhani na sita zake, kauza bunduki maisha yake yote ya kazi na hajawahi kuua hata panya. Ndivyo ilivyokuwa. Nimestaafu majuzi, na vijana wawili waliobaki kaunta wameniomba niwaandikie mambo ya kazi kabla sijayasahau. Wamezaliwa huku, mmoja Barking na mwenziwe Thamesmead. Wazazi wao ni Waswahili wenzangu, lakini nikiwasemesha Kiswahili hunijibu Kiingereza. Basi nimeandika kwa Kiswahili makusudi. Someni polepole, hakuna anayewafukuza.

Ya vyeo na mishahara sitayagusa. Cheo changu cha mwisho hakikunifundisha neno ambalo sikulijua nilipokuwa bado nafuta vioo.

Maana nilianza kwa kufuta vioo. Wakala wa kazi za usafi alinituma kwenye duka moja kaskazini mwa London, si mbali na Edmonton, lililobanwa kati ya muuza mazulia na kinyozi. Niliambiwa ni duka la vifaa vya michezo. Sikuambiwa uongo, ila mimi nilitarajia mipira. Nilipofunguliwa mlango nikaona ukuta mzima umepangwa mitutu, nikasema "audhubillahi," kisha nikauliza ndoo iko wapi. Kodi ya nyumba haingoji mtu amalize kushangaa.

Aliyenitoa kwenye ndoo alikuwa fundi wa duka, mzee wa Kiingereza tuliyemwita Colin. Alikuwa na bisibisi nyingi kuliko marafiki, kila moja kainoa ikae sawasawa kwenye parafujo yake, na ole wako uazime moja ufungulie kopo la rangi. Siku niliyomwambia nataka kujifunza alichukua bunduki ukutani, akaifungua, akaitazama, akanipa akisema haina kitu. Nikaipokea kwa mikono miwili, kama nilivyolelewa. Akaninyang'anya na kuniambia nirudi kwenye vioo.

Ilinichukua muda kuelewa kosa langu. Kwetu mkubwa akikwambia chombo ni kitupu, nawe ukakifungua mbele ya macho yake kuhakikisha, umemwita mwongo. Kwa Colin mambo ni kinyume. Kila mkono unaopokea bunduki hufungua na kutazama upya, hata kama aliyekupa ametazama sasa hivi, hata kama ni mwenye duka. Mara ya kwanza nilipomfanyia hivyo niliona haya nikainamisha uso. Yeye aliitikia kwa kichwa tu, akanipa kitambaa na mafuta, na kazi ikaanza. Nanyi msione haya. Mteja akinuna, mwacheni anune.

Bunduki zilizonipa jina pale dukani ni za wenzo. Asiyezijua, hii ndiyo ile bunduki ya wawindaji wa kale yenye kitanzi cha chuma karibu na kilimi cha kufyatulia. Unaingiza vidole kwenye kitanzi, unakisukuma chini na mbele, ganda tupu linaruka. Unakirudisha, risasi nyingine inaingia. Zile za asili, za enzi za mababu, ziko kwa wakusanyaji. Chuma chake kimechoka, na risasi za siku hizi zina nguvu ya kupita kiasi. Ndiyo maana watu hununua nakala mpya, nyingi kutoka Italia: umbo la babu, chuma cha mjukuu.

Mteja akija kutafuta nakala, msianze na maneno. Mpeni aiweke begani kwanza, mwili wake utawaambia kama inamfaa. Halafu tazameni pale mbao inapokutana na chuma. Ukucha ukipenya hapo, kiwanda kilikuwa na haraka. Vuteni wenzo taratibu, kisha kwa nguvu, kwani unaokwama taratibu utakwama pia siku mtu anapouhitaji. Tafuteni mhuri wa ukaguzi kwenye mtutu. Na mkumbusheni kuwa risasi hulala ndani ya bomba lililo chini ya mtutu, moja nyuma ya nyingine, kwa hiyo awe na zile za pua bapa. Pua kali ikigonga makalio ya mwenziwe mle ndani yaweza kuilipua, ni balaa.

Wateja wa nakala hizi ni kabila la peke yao. Wako wanaokuja na kofia pana na koti la ngozi, na mmoja alinijia na njumu za kupandia farasi, naye ameshuka kwenye basi. Msiwacheke mpaka watoke. Mtu hanunui chuma na mbao tu, ananunua na hadithi yake, na hadithi ya mtu haichekwi mbele yake.

Lakini Uingereza huwezi kuingia dukani ukatoka na bunduki kama aliyenunua mkate. Polisi wakupe cheti kwanza, na cheti hicho kitaje bunduki ya aina gani, ya kazi gani. Ofisa huja nyumbani kwako. Hukagua kabati la chuma lililofungwa ukutani kwa bolti, hukuuliza maswali, siku hizi huuliza na wa nyumbani mwako. Jambo moja nimelirudia kwa kila mnunuzi mpaka ulimi ukachakaa: ufunguo wa kabati ni wa mwenye cheti peke yake. Si wa mke, si wa mume, si wa mama mzazi. Hata ulipofichwa wasijue.

Waingereza wakisikia hilo huandika kwenye simu zao na kwenda zao. Watu wetu hucheka. Nyumba gani hiyo, ya mume mwenye mlango na mke asiyekuwa na ufunguo? Hapo ndipo kilipotokea kisa ninachotaka mkijue kuliko vyote.

Mwakio alikuwa Mtaita, mtu wa makamo, mwendesha forklift kwenye ghala moja Edmonton. Mfanyakazi mwenzake alimpeleka klabu ya kulenga shabaha nje ya mji, naye akanogewa, akipiga kwa bunduki za klabu. Akawa anakuja dukani Jumamosi kutazama nakala moja tu, fupi, ya mbao ya jozi, yenye umbo la zile walizotumia wawindaji zamani. Hakuwa na kofia pana. Siku moja nikamuuliza hasa anaionea nini.

"Babu yangu alikuwa anawabebea wazungu bunduki kama hii, huko Tsavo," akaniambia. "Miaka na miaka, Bi Rukia. Alibeba, akasafisha, akabeba tena. Hakuruhusiwa kupiga hata risasi moja. Alikufa akituonyesha na mkono mtupu vile inafanya." Akasukuma vidole hewani, chini na mbele, akavirudisha.

Nikamfungia ile bunduki karatasi yenye jina lake na kuiweka stoo mpaka cheti kitoke. Kabati alinunua kwetu, nami nikamkabidhi funguo zake mbili na wimbo wangu wa kawaida. Nilimwambia wa akiba auweke mbali, na hata mkewe asijue ulipo.

"Bi Rukia, unamjua mke wangu?" akauliza akicheka.

"Simjui."

"Basi."

Baada ya majuma kadhaa alirudi, na uso wake nilipouona nilimvutia kiti.

"Rudisha tu hiyo rifle kwa rack," akasema. "Application imekataliwa."

"Kaa kitako kwanza, kakangu. Imekataliwa kwa lipi?"

Alieleza akitazama sakafu. Ofisa alikuja, mama mpole, akakagua kabati chini ya ngazi, akagongagonga bolti, akaridhika. Kisha akaenda jikoni kuongea na mkewe, Nsimire, mwanamke wa Bukavu, Kongo, aliyekuja nchi hii kama mkimbizi. Nsimire alikuwa ametengeneza chai na mandazi kwa heshima ya mgeni. Ofisa akamuuliza, anajisikiaje kuwa na silaha ndani ya nyumba? Nsimire akajibu kwa fahari kwamba hana wasiwasi, mume wake hamfichi kitu. Akatia mkono kwenye mfuko wa aproni, akautoa ufunguo wa kabati, akauweka mezani kando ya mandazi ili mgeni auone.

"Wewe ndiye uliyempa?"

"Mimi."

"Na nilikwambia."

"Uliniambia. Lakini alikuwa halali usiku, Bi Rukia. Toka fundi afunge hiyo cabinet, mke wangu alikuwa anakaa sebuleni na taa. Cabinet yenyewe iko empty! Nikaona, ufunguo ni kitu gani? Nikampa. Akalala." Akajipangusa uso. "Sasa nimemwambia maneno mabaya. Nimemwambia amenivunjia jina kwa polisi. Ameenda kwa dada yake Barking, na hashiki simu yangu."

Sheria ilikuwa wazi, na ofisa alifanya kazi yake. Lakini niliumia, tena sana, kwa sababu ni mtu wa kwetu tu anayeweza kupoteza cheti cha silaha kwa kumpenda mkewe, na ni mke wa kwetu tu anayeweza kumsaliti mumewe kwa kumsifu. Karatasi ya jina lake sikuitoa. Nilimwambia rafu imejaa, ambayo haikuwa kweli.

Nsimire mwenyewe nilimwona wiki iliyofuata. Kengele ililia, nikatazama kwenye kioo, nikaona mwanamke mwembamba wa kitenge na koti la baridi, amesimama hatua moja nyuma ya mlango kama anayeogopa kuunguzwa nao. Nilitoka nje mimi. Tulizungumzia kwenye duka la mazulia, mwenyewe akitutazama kwa hamu akidhani tunataka zulia.

"Mama, njo mimi bibi ya Mwakio," akasema, kwa Kiswahili chao cha Kongo ambacho "njo" ni "ndio" yetu. "Sitaki kuingia mule. Nakuomba uniambie kitu moja tu."

"Sema, mwanangu."

"Mutu gani iko na ruhusa ya kushika funguo ya ile kabati?"

"Mwenye cheti."

"Mwenye cheti tu?"

"Tu."

Akapapasa ncha ya zulia. Kisha akaniambia, pasipo kuulizwa. Kule Bukavu, alipokuwa msichana, watu wa silaha waliingia kwao. Hawakuwafukuza. Walichukua chumba kimoja, wakatia vitu vyao ndani, wakafunga, wakatembea na ufunguo.

"Nyumba ilikuwa yetu," akasema, "ila mulango moja haikuwa yetu. Hatukujua mule muko nini. Bunduki? Mutu? Tulikuwa tunapita pale na sahani za chakula kila siku, na hatujui. Mimi siogopi bunduki sana, Mama. Niko naogopa mulango yenye sijue."

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na mimi nilikuwa nimemuuzia mumewe unyasi wenyewe, wa chuma, wenye bolti. Machozi yalinitoka pale pale kati ya mazulia. Nilipojipangusa alikuwa ananitazama, anangoja, kwani hakuja kuliliwa.

"Ile cheti," akasema, "inatafutwa aje?"

Nikadhani anauliza kwa ajili ya mumewe, nikaanza habari za kuomba upya. Akanikata.

"Hapana. Yangu."

Hapa vijana wangu sikilizeni, maana mtaulizwa. Mume na mke wanaweza kila mmoja kuwa na cheti chake, na bunduki moja ikaandikwa kwenye vyote viwili. Hapo kila mmoja ana haki ya ufunguo. Lakini polisi hawampi mtu cheti ili alale vizuri. Lazima awe mpiga shabaha kweli, mwanachama wa klabu, amemaliza muda wa majaribio, anahudhuria. Nilimweleza hivyo bila kupaka sukari. Nikamwambia kama hataki kupiga, asiombe, kwa sababu ofisa atajua, nami nikiulizwa sitasema uongo.

"Itanibidi kupiga?"

"Itakubidi kupiga, tena mara nyingi."

"Sasa ile kelele..."

"Ile kelele ipo. Kuna vya kuziba masikio, lakini ipo."

Alitazama upande wa mlango wetu kupitia kioo cha muuza mazulia. Kisha akauliza klabu inafunguliwa siku gani.

Mara ya kwanza nilimpeleka mimi, maana kwa Mwakio alikuwa bado hajarudi. Hakuvuka maegesho ya magari. Mlio wa kwanza ulipotoka alishika dashibodi kwa mikono yote miwili, nami nikazima injini, tukakaa. Nilikuwa na chai ya tangawizi kwenye thermosi. Tulikunywa tukisikiliza, yeye akihesabu milio kwa mnong'ono wa Kifaransa, midomo ikicheza, mpaka watu wa zamu ile wakatoka wakibeba mikoba yao, wengi wao wazee wenye vitambi na sweta za kufumwa. Akawatazama mmoja mmoja.

"Njo hawa?" akauliza.

"Ndio hawa."

"Hawa wanafanana na batu ya kanisa."

Mara iliyofuata aliingia. Walimu wa klabu walimwanzisha na bunduki ndogo, ya risasi ndogo isiyo na vishindo, kama wanavyofanya kwa kila mgeni. Alitetemeka, akapiga, akatetemeka, akapiga. Sitawaambia alikuwa hodari. Alikuwa wa kawaida, kama mimi, na hakupata kuipenda ile kelele. Lakini hakukosa Jumamosi, hata zile za mvua ambazo Waingereza wenyewe hubaki kitandani. Mumewe alikuwa akimwona pale, kwenye mstari uleule. Akawa anambebea kiti. Siku ya pili akambebea kiti na mkoba. Nafikiri walipatana kwa njia hiyo, kwa kubebeana, maana siku moja niliwaona wanaondoka kwa gari moja na hakuna aliyeniarifu.

Waliomba pamoja. Mwakio aliandika kosa lake lote bila kujitetea, kwamba alitoa ufunguo, kwa nani, na kwa nini. Ofisa aliyekuja alikuwa yuleyule wa kwanza. Nsimire alinisimulia kwamba alitengeneza mandazi tena, kwani kosa halikuwa la mandazi. Yule mama akamuuliza uso kwa uso: unaomba kwa sababu unapenda kulenga shabaha, au kwa sababu ya mume wako?

"Nikamwambia ukweli," akasema Nsimire. "Nikamwambia, niliingia klabu ju ya ule mulango. Sasa nimezoea, na naenda, na nitaenda. Akaandika. Halafu akala andazi ya pili."

Kungoja kulikuwa kurefu, kama kulivyo siku zote, na kila nilipopita stoo niliigusa ile karatasi ya jina. Sikuwahi kumwombea dua mnunuzi wa bunduki kabla ya hapo. Nilimwombea huyu.

Vyeti vilitoka vyote viwili. Walikuja kuchukua siku ya Jumatano, Mwakio kaomba ruhusa kazini, kavaa shati la kanisani. Nsimire alibonyeza kengele mwenyewe na kuingia mwenyewe, akaenda moja kwa moja hadi kaunta, akaweka cheti chake juu ya kile cha mumewe. Nilipoitoa bunduki kwenye karatasi niliwauliza nimkabidhi nani. Mwakio alikuwa ameitazama ile mbao ya jozi. Nsimire akamsukuma kidogo kwa kiwiko.

"Mupe yeye," akaniambia. "Babu yake alingojea sana."

Akaipokea, akafungua, akatazama, kama anavyotakiwa. Kisha akaushusha wenzo, akaurudisha, taratibu. Mlio wake ule mmoja ulijaza duka zima. Alilia, mwanamume mzima, forklift na yote, na mimi nikajifanya natafuta kalamu. Nikaandika niliyopaswa kuandika kwenye cheti cha kila mmoja, nikawakumbusha kuwaarifu polisi, nikawafungia mkoba.

Nilikuwa na desturi ya kumpigia simu kila mnunuzi baada ya wiki, kuuliza kama kuna kinacholegea au kukwama. Desturi hiyo nawaachia, msiiache. Watu wengi huwa na swali dogo wanaloona haya kurudi nalo dukani. Nilipopiga kwao alipokea Nsimire, nikasikia sufuria nyuma yake na redio.

"Bunduki haijambo?" nikauliza.

"Haijambo. Iko mu kabati."

"Na wewe, mwanangu?"

"Mimi?" akasema. "Mimi niko mu nyumba yangu."